Baba alikufa kwa saratani ya tezi dume. Mimi nile nini, niache nini?

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 46, ni mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma pamoja na wizara, naishi Nkuhungu, ofisi iko Mtumba. Baba alifariki kwa saratani ya tezi dume akiwa na miaka 67, iligundulika ikiwa imeshafika kwenye mifupa. Mwaka huu kaka yangu mkubwa kaambiwa PSA yake, kile kipimo cha damu cha tezi dume, iko juu, bado anasubiri vipimo vingine. Mimi sina dalili yoyote, nakojoa vizuri tu, lakini nimeanza kuogopa. Kijiweni kila mtu ana dawa yake: mbegu za maboga, ubuyu, glasi ya mvinyo mwekundu kila jioni, vidonge vya vitamini E, na wapo wanaosema tendo la ndoa mara 21 kwa mwezi. Kuna bwana ananiuzia unga wa mchanganyiko, chupa moja shilingi 60,000. Nina kitambi, navuta kama sigara tano kwa siku, pombe ni wikiendi. Nifanye nini cha kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kumpoteza baba, na pole kwa hofu uliyo nayo. Nianze na lililo rahisi: ile 60,000 kaa nayo. Tutaipatia kazi mbele ya safari.

Linalofuata ni gumu kidogo, ila ukilishika, mengine yote yatakaa mahali pake. Tunaposema saratani ya tezi dume tunatumia jina moja kwa ugonjwa wenye tabia mbili. Ipo ya pole, inayokua taratibu mno, mzee akaishi nayo miaka ishirini, akaja kufa kwa presha bila kujua kwamba alikuwa nayo. Wataalamu wanaochunguza miili ya wanaume waliokufa kwa sababu nyingine huikuta kwa walau theluthi moja ya waliopita miaka 70. Na ipo kali, inayotoka kwenye tezi na kukimbilia mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, kama iliyomchukua baba. Mwaka 2022 wanaume wanaokaribia milioni 1.5 duniani waligundulika na saratani hii, na karibu 400,000 walikufa kwayo. Kwetu Tanzania ndiyo inayoongoza kati ya saratani za wanaume.

Kwa hiyo swali lako nalikata vipande viwili. Kipande cha kwanza, ufanye nini usiipate kabisa: hapo sina mengi ya kukuahidi. Umri hauzuiliki, damu uliyorithi haibadilishwi, na sisi wanaume weusi, kwa takwimu za Marekani ambako wamehesabu vizuri, tunaipata zaidi ya Wazungu na kufa nayo mara mbili yao. Kuwa na baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua kunaongeza uwezekano wako takriban mara mbili, na uzito wa kaka ni mkubwa kuliko wa baba. Kipande cha pili, ufanye nini isije ikawa ile kali, au ikija isikuue: hapo ndipo mwenendo wako wa kila siku una sauti.

Sisemi hivyo kukufariji. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard na wenzao walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume zaidi ya 10,000 wa Marekani kwa miaka inayofika 27. Waliwapima vinasaba kujua nani amezaliwa na mzigo mkubwa wa saratani hii, kisha wakatazama wanaishije. Wenye mzigo mkubwa walioishi vizuri waliipata saratani kama wenzao tu, hawakupona kuipata. Lakini ile inayoua ilipungua sana: kati ya walioishi ovyo, asilimia 5.3 walikuwa wa kufikwa na saratani ya kuua katika maisha yao, na kati ya walioishi vizuri ni asilimia 1.6. Wengi wao walikuwa Wazungu, na utafiti wa kufuatilia watu hauna nguvu sawa na jaribio la dawa, lakini mtu mwenye historia kama yako akiniuliza kama kuna faida ya kujihangaisha, hiyo ndiyo hesabu ninayomwonyesha. Na huko "kuishi vizuri" walikokupima kulikuwa vitu vya kawaida kabisa: kutonenepa kupita kiasi, mazoezi ya kutoa jasho, kutovuta sigara, samaki wa mafuta, nyanya, na kupunguza nyama za viwandani. Hapakuwa na chupa ya unga.

Tuanze na kitambi, maana umekitaja haraka haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai.

Chukua futi ya fundi cherehani, simama wima, pumua nje kawaida bila kulibana tumbo, zungusha usawa wa juu kidogo ya kitovu. Ukipata zaidi ya sentimita 94, yaani inchi 37, umeingia kwenye eneo la tahadhari. Ukivuka 102, inchi 40, umeshachelewa kuanza. Na usinitajie saizi ya suruali. Nimekutana na wanaume wengi wanaoniapia kwamba wao ni 34 tangu chuo, nikiwatazama naona suruali imefungwa chini ya tumbo na tumbo lenyewe limekaa juu ya mkanda.

Unene hauonekani kuongeza sana saratani ya pole. Unaongeza ile iliyosambaa na vifo vyake. Mafuta ya tumboni hayakai kimya kama gunia stoo, yanatengeneza kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani na yanapandisha insulini, na hayo ni mazingira ambayo seli za saratani zinayapenda. Lipo na jambo jingine ambalo wagonjwa wangu huwa hawalitarajii: mwili mkubwa una damu nyingi, kwa hiyo PSA, ile protini inayotoka kwenye tezi, inayeyushwa ndani ya damu nyingi na kipimo kinasoma chini kuliko hali halisi. Mtu mnene anaweza kuambiwa yuko salama wakati hayuko.

Sigara tano kwa siku. Najua unaziona chache. Kwa saratani ya tezi dume, ushahidi kwamba sigara ndiyo inayoianzisha si mkubwa kama ule wa mapafu, lakini wavutaji wanaoipata hufa nayo zaidi, na hata baada ya matibabu huwarudia zaidi. Hapa sina mjadala wala punguzo. Ziache, na usihamie kwenye ugoro ukidhani umeokoka, huko utakutana na saratani ya mdomo.

Miguu ndiyo inayonipa matumaini kwako. Unatoka Nkuhungu asubuhi umekaa kwenye gari, unafika Mtumba unakaa kwenye kiti, mchana unakaa kantini, jioni unakaa kwenye gari tena, usiku unakaa kuangalia mpira. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya wanaume wa Marekani ambao tayari walikuwa na saratani ya tezi dume. Waliofanya mazoezi mazito saa tatu au zaidi kwa wiki walikufa kwa saratani hiyo kwa asilimia 61 pungufu ya wale waliofanya chini ya saa moja. Mwaka huo huo utafiti mwingine ukatazama kutembea tu, na ukaona kwamba mwendo ndio uliotofautisha. Waliotembea kwa kasi, kama kilomita 5 kwa saa, kwa saa tatu au zaidi kwa wiki, ugonjwa wao uliendelea mbele mara chache kuliko waliotembea kwa kujivuta. Inawezekana pia kwamba mwenye ugonjwa mwepesi ndiye mwenye nguvu ya kutembea haraka, watafiti wenyewe wanalijua hilo. Lakini sijaona utafiti unaosema kukaa kunasaidia.

Kasi yenyewe ipime hivi: unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo. Dodoma jua likishatoka halina huruma, na miezi ya Julai na Agosti upepo na vumbi vinamkatisha mtu tamaa, kwa hiyo usipange jioni, utaahirisha. Amka saa kumi na moja na nusu, tembea dakika 40 kabla ya kuoga. Kama una shamba Bahi au Chamwino, msimu wa mvua ukiingia usimpe kibarua kazi yote. Lima mwenyewe nusu eka. Jembe la mkono ni zoezi zito kuliko mashine nyingi za jimu.

Sasa chakula, ambacho ndicho ulichokitaka tangu mwanzo.

Ninyi mliokuja na wizara mlitukuta Wagogo na ugali wetu wa uwele na mlenda mkatucheka. Basi sasa nicheke mimi. Sahani ile ya bibi yangu, ugali wa nafaka isiyokobolewa, mlenda, majani ya kunde, kipande kidogo cha nyama siku ya mgeni, haitofautiani sana na kile wataalamu wa lishe wanachowahimiza watu huko Ulaya kwa gharama kubwa. Haiui saratani, tusidanganyane. Inachofanya ni kukushibisha bila kukunenepesha, na hiyo peke yake ni kazi kubwa. Chipsi mayai ya saa tatu usiku inafanya kinyume chake.

Nyama choma sikukatazi. Nikikukataza utaniona adui, na mimi mwenyewe Jumamosi moja moja hukutwa mnadani Msalato. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka nyama zilizosindikwa, yaani soseji, bekoni na jamii yake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, kwa ushahidi wa saratani ya utumbo mpana. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa ngazi moja chini, na hapo tezi dume ilitajwa kama moja ya sehemu ambako uhusiano umeonekana, ingawa si wa nguvu. Kwa hiyo soseji za asubuhi achana nazo. Nyama choma ipunguze iwe ya wikiendi, kata sehemu iliyoungua ikawa mkaa, na siku nyingine nunua samaki wa Mtera. Faida ya samaki katika tezi dume yenyewe bado inabishaniwa, lakini kila siku uliyokula samaki ni siku ambayo hukula kilo ya mbuzi.

Nyanya zina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wanaume wanaokula sana nyanya zilizopikwa hupata saratani hii kwa uchache, kwa sababu ya ile rangi nyekundu iitwayo laikopini, na dunia nzima ikakimbilia nyanya. Mwaka 2014 jopo la World Cancer Research Fund likarudi nyuma, likasema ushahidi hautoshi kutoa hukumu. Mimi naendelea kuzipendekeza kwa sababu rahisi: hazidhuru, ni bei nafuu, na sisi tunazipika na mafuta kidogo, na hivyo ndivyo laikopini inavyoingia mwilini vizuri zaidi kuliko kuila mbichi kwenye kachumbari.

Maziwa kunywa kikombe, usinywe jagi. Watu wanaotumia maziwa kwa wingi sana wameonekana katika tafiti kadhaa kuwa na saratani hii zaidi kidogo. Ushahidi ni hafifu, na mfugaji wa Kongwa hana sababu ya kumuuza ng'ombe wake kwa ajili hiyo.

Pombe nayo nitaipita haraka. Kwa tezi dume haijathibitika sana. Kwa koo, ini, mdomo na utumbo imethibitika, tena bila ubishi. Na huo mvinyo mwekundu wa kila jioni: zabibu ni fahari yetu, tunavuna mara mbili kwa mwaka, kutoka Hombolo mpaka Mpunguzi, na ningefurahi sana kama ningeweza kuwaambia watu kwamba chupa ya Dodoma ni dawa. Siwezi. Ile kemikali ya ganda la zabibu inayosifiwa ilifanya maajabu kwenye vyombo vya maabara, ila kwa binadamu haijaonyesha kwamba inazuia saratani ya tezi dume. Ukitaka zabibu, zile na ganda lake, ni tamu.

Mbegu za maboga zimejaribiwa kwa wanaume wenye tezi iliyokua kwa umri, si kwa saratani, na nafuu iliyopatikana ni ndogo. Zitafune kama unazipenda. Ubuyu una vitamini C nyingi, na mibuyu imetuzunguka, ila ule mwekundu wa kwenye vifuko vya nailoni una rangi na sukari za kutosha kuitwa peremende. Karanga ni chakula kizuri, lakini chambua, tupa zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia nafaka zilizoota fangasi, na ukiila kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini. Hiyo haihusiani na tezi dume. Nimeitaja kwa sababu nimeona watu wanajisagia unga wa "dawa ya tezi" kwa karanga zilizokaa stoo mwaka mzima.

Vitamini E nataka uisikie vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kuogopa vidonge vya kinga. Miaka ya tisini kulikuwa na dalili kwamba vitamini E na madini ya seleniamu vinapunguza saratani ya tezi dume. Dalili zilikuwa nzuri kiasi kwamba mwaka 2001 Marekani, Kanada na Puerto Rico zilianzisha jaribio kubwa, likaandikisha wanaume zaidi ya 35,000. Wengine walipewa vitamini E, wengine seleniamu, wengine vyote viwili, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2008 wakawaambia waache kumeza, kwa sababu faida haikuonekana. Waliendelea kuwafuatilia, na mwaka 2011 majibu yakatoka: waliomeza vitamini E peke yake walikuwa wamepata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wale wa kidonge kitupu. Kitu kilichonunuliwa kama ngao kilikuwa kinafungua mlango. Vitamini E iliyomo kwenye mafuta ya alizeti na karanga si tatizo, kwani kipimo chake ni kidogo na mwili umeizoea. Tatizo ni kidonge kikubwa cha kila siku kwa miaka.

Sasa mtazame yule bwana wa 60,000. Vitamini E ilipimwa kwa wanaume 35,000 ndipo madhara yake yakaonekana. Unga wake umepimwa kwa nani? Muulize, ila muulize kwa upole, inawezekana naye anauamini. Na kama unga wenyewe unasifiwa pia kwa kuongeza nguvu za kiume, kimbia. Baadhi ya mchanganyiko wa namna hiyo huwekwa homoni au dawa za hospitali kwa siri, na saratani ya tezi dume hulishwa na homoni za kiume.

Nakuja kwenye ile mara 21. Namba hiyo haikutungwa kijiweni. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa wanaume karibu 32,000 wa Marekani walioulizwa mara ngapi kwa mwezi wanatoa manii, na waliosema 21 na kuendelea walipata saratani ya tezi dume kwa takriban asilimia 20 pungufu ya waliosema mara 4 hadi 7. Wanaokusimulia hawakumalizia habari. Kilichopungua zaidi ni ile ya pole. Ile kali, iliyomuua baba, haikuguswa kwa kiwango cha kusimama nacho na kusema. Kwa hiyo kama wewe na mama watoto mnafurahiana, endeleeni, hakuna ubaya wowote. Usimpelekee ratiba ya hospitali. Na mwanaume anayeitumia namba hiyo kujihalalishia michepuko atakutana na kaswende, kisonono na VVU kabla ya kufika kwenye faida yoyote ya tezi.

Nimebakiza sentensi yako moja iliyonisumbua kuliko sigara: "sina dalili yoyote, nakojoa vizuri tu."

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete ilivyozunguka kidole. Ile tezi inayokua kwa umri, ambayo si saratani, huanzia katikati, jirani na mrija, ndiyo maana mapema tu mkojo unakuwa mwembamba, unakatika katika, unaamka usiku mara tatu. Saratani nyingi, kama saba kati ya kumi, huanzia pembeni, upande wa nje, mbali na mrija. Inaweza kukua miaka bila kuugusa mkojo. Kwa hiyo anayekojoa kwa shida mara nyingi hana saratani, na anayekojoa vizuri anaweza kuwa nayo. Nimewapokea wazee waliokuja kwa maumivu ya kiuno, wamekunywa panadoli msimu mzima wakidhani ni jembe, kumbe ugonjwa ulishafika kwenye uti wa mgongo, na mkojo hawakuwahi kuulalamikia.

Ndiyo maana nasema tabia itakayokusaidia kuliko zote, wewe mwenye baba na kaka hao, ni kwenda kupima wakati huumwi. Kwa mwanaume asiye na historia ya familia, mazungumzo na daktari kuhusu kipimo huanza miaka 50. Kwa mwanaume mweusi, au mwenye baba au kaka aliyeugua kabla ya miaka 65, ni 45. Kwa mwenye ndugu wawili au zaidi wa namna hiyo, ni 40. Wewe una 46. Hujachelewa, lakini zamu yako imefika. Nenda hospitali ya General, au ya Benjamin Mkapa pale UDOM, chuo kikuu cha Dodoma, ulizia daktari wa mfumo wa mkojo. PSA ni damu kidogo ya mkononi. Daktari akiona haja ya kupima kwa kidole pia, ni nusu dakika ya aibu. Wanaume wanaokikimbia kidole hicho wananishangaza, kwani nimewaona hao hao wakivumilia mengi makubwa zaidi ya hapo walipochelewa. Ile 60,000 ndiyo kazi yake, nauli na kipimo.

Siku mbili kabla ya kutoa damu msikutane na mkeo, na usiende safari ndefu ya baiskeli. Kama unahisi kuchomwa wakati wa kukojoa au una homa, mwambie daktari kwanza, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo yanapandisha PSA bila saratani yoyote. Tezi iliyokua kwa umri nayo huipandisha. Hilo mwambie na kaka yako usiku wa leo, maana najua halali: PSA kuwa juu ni swali tu, jibu lake linatafutwa kwa kurudia kipimo, pengine picha ya MRI, pengine kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kuchunguzwa maabara. Na hata kinyama kikionyesha saratani ya pole, si lazima akatwe wala achomwe mionzi. Siku hizi wengi wa namna hiyo wanafuatiliwa tu kwa vipimo vya mara kwa mara, kwa sababu matibabu yenyewe yana bei, mkojo kuvuja na nguvu za kiume kupungua, na haina maana kuilipa bei hiyo kwa ugonjwa usio na haraka.

Kabla hujaenda, mpigie mama au shangazi. Uliza baba aligundulika akiwa na miaka mingapi, si alikufa na miaka mingapi. Uliza kama babu au baba wadogo waliugua. Na uliza jambo ambalo wanaume huwa hawafikirii kuliuliza: kuna mwanamke wa ukoo huo aliyeugua saratani ya matiti au ya mifuko ya mayai? Ipo hitilafu ya vinasaba inayopita katika familia, ambayo kwa wanawake huleta saratani hizo na kwa wanaume huleta tezi dume ya ile aina kali. Yaandike kwenye karatasi uende nayo.

Majibu yakitoka, usikubali kuondoka na neno "iko sawa" peke yake. Omba namba yenyewe, iandike pamoja na tarehe na jina la maabara, uitunze mahali unapotunza hati ya kiwanja. PSA moja inasema kidogo. Ya mwakani ikiwekwa kando ya ya mwaka huu ndipo inaanza kuongea, na daktari atakayekuona wakati huo huenda asiwe mimi.